Maharage Yasiyookotwa

Mpelelezi alipofungua mlango wa darasa asubuhi ile, hakuingia. Alisimama kizingitini, mikono nyuma, akakikagua chumba kwa macho kabla ya kukikanyaga kwa miguu. Kituoni walimwita Mama Taratibu, na waliolitunga jina hilo hawakukusudia kumsifu. Koplo aliyepanda ngazi nyuma yake alijiegemeza ukutani akavuta pumzi.

"Ni kilekile cha jana, Mama," alisema. "Hakijahama."

Mwili wa mwalimu ulikuwa umeshaondolewa. Jana asubuhi mshonaji wa chumba cha chini alipanda kumwomba mkasi wake aliomwazima, akamkuta amelala chali kati ya ubao na meza, kisogo kimepasuka na damu imekauka kwenye kona ya meza. Daktari alisema mzee alikata roho Jumatano alasiri, yaani wakati wa kipindi. Alikuwa mjane, mstaafu, na katika chumba hicho cha kupanga aliwafundisha watu wazima Kiingereza. Hasa aliwafundisha nahau za Kiingereza, yale mafungu ya maneno ambayo ukiyafasiri moja moja unatoka mikono mitupu. Watoto wa mtaani walimwita Mwalimu Paka-na-Mbwa. Waingereza, mvua ikiwa kubwa, husema inanyesha paka na mbwa, na mzee hakuchoka kumweleza hivyo kila aliyejibanza naye chini ya paa.

Aliyekuwa mahabusu ni mwanafunzi wake, fundi wa lifti. Mwenyewe aliandikisha maelezo kwamba Jumatano alihudhuria darasa, kwamba walikuwa wawili tu, na kwamba alimwacha mwalimu mzima. Mshonaji naye alisema saa hizohizo alisikia ugomvi juu ya kichwa chake. Mkuu wa kituo akaunganisha hayo mawili, akafunga jalada kwa kamba. Alasiri hii lingekwenda kwa mwendesha mashtaka, na fundi angehamishiwa gerezani kwa kosa la kuua. Mke wake alikuwa kwenye benchi la kituo tangu alfajiri, mtoto mgongoni, hasemi na mtu.

"Nisomee wewe," mpelelezi alimwambia koplo. "Unaona nini?"

Koplo alipenda kusoma vyumba. Alionyesha ndoo ya bati iliyolala ubavu karibu na dirisha: hapo walisukumana. Alionyesha maharage makavu yaliyotapakaa sakafu nzima: hapo mmoja alishika bakuli na kumrushia mwenzake. Kisha koti lililotundikwa kwenye kiti cha mbele: mtu aliyekuja na koti akaondoka bila koti ni mtu aliyeondoka mbio.

"Na mshumaa?"

Juu ya meza kulikuwa na mshumaa uliolazwa kwenye kishikio cha waya. Ulikuwa umeungua ncha zote mbili, ukabaki kipande cha katikati kama kidole kilichokatwa.

"Umeme ulikatika," koplo alisema. Akautazama tena. "Lakini nani anawasha mshumaa kotekote?"

Mpelelezi aliingia kwa kupita kandokando ya ukuta, akasimama mbele ya ubao. Ulikuwa umegawanywa kwa mistari sehemu tatu. Kushoto kulikuwa na nahau za Kiingereza kwa mwandiko wa kizamani, herufi zimelala upande mmoja kama nyasi za upepo. Katikati, mbele ya kila nahau, palichorwa picha ya maneno yenyewe: mtu anapiga ndoo teke, mshumaa unawaka ncha mbili, miguu imo ndani ya barafu, bakuli la maharage linamwagika. Sehemu ya kulia ilikuwa tupu.

Mpelelezi alijifunza Kiingereza ukubwani, kwa kusoma magazeti na kuuliza, kwa hiyo alisoma polepole. Kupiga ndoo teke, kwao ni kufa. Kuwasha mshumaa ncha mbili ni kujichosha usiku na mchana. Kuwa na miguu ya baridi ni kuingiwa na woga dakika ya mwisho. Kumwaga maharage ni kutoa siri.

Koplo alisikia neno kufa, macho yakamtoka. "Basi muuaji katuachia ujumbe, Mama. Kapiga ndoo teke makusudi, kutucheka."

"Na kabla ya kukimbia akakaa akachora miguu kwenye barafu."

Koplo aliitazama upya miguu ile ya chaki.

"Hivi ni vifaa vya somo," mpelelezi alisema. "Ndoo ya picha ya kwanza, mshumaa wa picha ya pili. Tumekiona chumba cha vita, kumbe ni chumba kilichoandaliwa kwa darasa."

Aliinama kwenye ndoo. Ubavuni palikuwa na bonyeo dogo jipya, na ndani ya bonyeo alama ya kiwi nyeusi. Jana alizikagua nguo za marehemu kituoni. Viatu vyake vya ngozi vilipigwa kiwi nyeusi siku hiyohiyo, na ncha ya kushoto ilikuwa na mkwaruzo. Chini ya soli ya kulia lilinata ganda la haragwe lililosagika. Fundi wa lifti alikamatwa na buti za mpira, rangi ya udongo, ambazo kwa kadiri mke wake alivyosema jana ndizo pekee alizokuwa nazo.

"Mwalimu ndiye aliyeipiga teke," alisema.

"Mwanafunzi anamuua, yeye anapiga ndoo?"

"Kwani nimesema aliuawa?"

Alivigeukia viti. Vilikuwa vimepangwa safu mbili, vikitazama ubao. Alipitisha kidole kwenye kiti cha nyuma, kikatoka na vumbi. Akapitisha kwenye kinachofuata, vumbi. Aliendelea hivyo kiti kwa kiti, bila haraka, mpaka koplo akaanza kuvihesabu vidole vyake mwenyewe. Kiti cha mbele tu, chenye koti, ndicho kilichofutwa.

Koti lenyewe lilikuwa la kijivu, la mtu mrefu mwembamba. Halikutupwa kwenye kiti. Lilikuwa limetiwa henga ya kutundikia nguo kwa ndani, mabega yamesimama, vifungo vyote vimefungwa mpaka juu, na mikono yake imelazwa mapajani, yaani pale ambapo mapaja yangekuwa. Mfukoni mlikuwa na vipande vya chaki.

"Fundi ni mfupi, mrefu alikuwa marehemu," mpelelezi alisema. "Na hili halikuvuliwa na mtu. Limekalishwa."

Koplo alilitazama koti, kisha akautazama ubao ambao koti lilikuwa linautazama. Safari hii hakutoa mzaha.

*

Mshonaji alikuwa mwanamke mnene mwenye pini nyingi kifuani, na aliongea bila kuondoa mguu kwenye cherehani. Alimkaribisha mpelelezi kwenye stuli ya wateja, akamwita dada, akalalamika kwamba tangu jana kila anayeingia anataka habari na hakuna anayetaka nguo. Habari zake zilikuwa zilezile za jana. Jumatano alasiri alisikia sauti mbili juu, moja nene na moja nyembamba, zinagombana kwa Kiingereza. Ziligombana kitambo, kikasikika kishindo cha bati, baadaye kishindo kingine kizito zaidi, kisha kimya. Alidhani wamemaliza somo.

Mpelelezi alimwuliza kama kuna wakati sauti moja iliikatiza nyingine.

Mguu wa mshonaji ulisimama. "Kukatiza vipi?"

"Mmoja anasema, mwenzake hajamaliza, naye anadakia."

Mshonaji alifikiri, kichwa kimeinama upande kama anayepima pindo. Hapana, alisema mwishowe. Nene ikisema, nyembamba inangoja. Nyembamba ikisema, nene inangoja. Walikuwa wanapeana zamu.

"Wewe na shemeji mkigombana, mnapeana zamu?"

"Nikimngojea yule amalize, nitazikwa sijasema langu."

"Na Kiingereza cha fundi kikoje?"

"Cha kuombea maji," mshonaji alisema, na alitaka kucheka, lakini alikumbuka ni nani wanayemzungumzia.

"Mtu akipandwa na hasira hurudi kwenye lugha aliyonyonya nayo," mpelelezi alisema. "Mwenye Kiingereza cha kuombea maji hawezi kugombana nacho kitambo kizima, tena kwa zamu."

Mshonaji alikunja kitambaa alichokuwa anashona, akakikunjua. Bila kuulizwa, alieleza kwamba hata yeye aliwahi kusoma pale juu. Mwalimu alimpunguzia karo kwa ujirani. Alifundishwa kwa kuigiza: nahau ikitaka ndoo, unapiga ndoo, ikitaka mwavuli, unafungua mwavuli humohumo ndani. Ulikuwa unaicheza picha kwanza, ndipo unakwenda ubaoni, upande wa kulia, kuandika maneno ya kwenu yanayosema jambo lilelile. Upande ule mwalimu hakuugusa kamwe. Alisema yeye ni wa kushoto, kulia ni kwa wanafunzi.

"Mbona uliacha?"

"Niliacha kwenye miguu ya baridi," mshonaji alisema. "Alipotueleza maana yake nikaona ni mimi kabisa, nikashuka. Halafu wateja. Halafu magoti. Ile kazi ya maharage sikuiweza."

Mpelelezi alimwomba aieleze kazi ya maharage.

Ilikuwa sheria ya darasa, mshonaji alisema. Anayemwaga ndiye anayeokota. Mwalimu hakutaka ufagio, alitaka yaokotwe moja moja, na huku unaokota unairudia nahau mpaka haragwe la mwisho lirudi bakulini. Alikuwapo karani mmoja wa benki aliyeokota akiwa na suti. Hakuna aliyetoka mlangoni na haragwe moja chini. Sakafu ile ina nta, mwalimu alisema, mtu atateleza.

Hapo mshonaji alijisikia mwenyewe alichosema, akainua macho kwenye dari.

"Jumatano," mpelelezi aliuliza baada ya muda, "ulimwona nani akipanda?"

"Nilisikia sauti."

"Na Jumatano ya kabla yake?"

"Kila Jumatano nilisikia sauti, dada."

"Nauliza uliowaona. Ngazi inapita mlangoni pako."

Mshonaji alitazama mlango wake uliokuwa wazi, na ngazi iliyokuwa hatua chache kutoka hapo. Alisema cherehani haimpi mtu nafasi ya kuinua kichwa. Kisha akasema kwamba mkasi aliomwazima mzee, mzee hakuwa na nguo ya kukata. Alikuja kuuazima, akakaa kwenye stuli ileile, akakaa sana, na yeye alikuwa na gauni la harusi la kumaliza.

*

Fundi wa lifti aliletwa kwenye chumba cha mahojiano akiwa amekumbatia mabega yake. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye grisi ya kudumu kuchani. Mpelelezi alimpa maji, akamwacha anywe. Maelezo yake ya jana yalikuwa mezani lakini hakuyafungua.

"Fundi, Jumatano mlisoma nini?"

"Nahau, Mama."

"Zipi?"

Alitaja ya ndoo. Akataja ya mshumaa. Mambo hayo askari walikuwa wameyasema mbele yake walipomkamata chumbani kwake.

"Na maharage?"

"Na maharage."

"Nani aliyamwaga?"

"Mimi."

"Ukaondoka."

"Nikaondoka."

"Ukayaacha chini."

Fundi alifungua mdomo. Mpelelezi alimtazama akilitafuta jibu, na aliona dhahiri kwamba mtu huyu angeweza kukubali mengi, lakini si hilo. Aliyekaa darasani mwa mzee yule hata miezi miwili hawezi kusema nilimwaga nikaondoka.

"Hukuwepo," mpelelezi alisema.

Fundi alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa.

"Tangu lini hukuwepo?"

Ilichukua muda. Mpelelezi hakumharakisha, na koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni, kwa mara ya kwanza hakutazama saa. Mwishowe fundi alieleza akiitazama bilauri. Walikuwa wengi zamani. Kidogo kidogo wakapungua: huyu kapata uhamisho, yule kapata mtoto, wengine simu zinawafundisha bure. Akabaki yeye. Ilikuwa vigumu kuwa mwanafunzi wa mwisho, alisema, maana siku usipokwenda hakuna wa kukuficha. Kisha naye akazidiwa na kazi. Akakosa Jumatano moja, akaona aibu kwenda ya pili, na ya tatu aibu ilikuwa imeota mizizi.

Mwalimu alikuwa na binti, mtoto wake wa pekee, aliyeolewa nchi ya mbali. Zamani binti huyo alimwomba fundi amwangalizie baba yake kila siku ya darasa na kumpigia simu. Fundi aliahidi. Alipoacha kwenda, hakuacha kupiga simu. Kila Jumatano jioni alimwambia, nimetoka kwa baba, ni mzima, anakusalimu.

"Na Jumatano hii?"

"Nilimpigia. Nikamwambia nimetoka kwake, anacheka." Alifuta uso kwa mkono wake wa grisi. "Jana akanipigia analia, ananishukuru. Anasema mimi ndiye mtu wa mwisho kumwona. Nitamwambia nini, Mama? Nyinyi mkaingia simu bado iko sikioni. Nikasema lilelile."

"Ulikuwa unaweza kubadilisha maelezo."

"Nikibadilisha mtasema mwongo. Na mwongo mkishampata, kumwita muuaji ni hatua moja."

Koplo alikohoa. Lilikuwa neno lake mwenyewe la jana, karibu neno kwa neno.

Jumatano alasiri, fundi alisema, alikuwa ndani ya shimo la lifti la jengo la ofisi, ananing'inia kwa mkanda, na mlinzi wa jengo alikuwa amemshikia taa. Mpelelezi alimtuma koplo. Koplo alirudi anatembea upesi kuliko alivyotoka. Mlinzi alikumbuka vizuri mno, alisema, kwa sababu alasiri nzima mabosi walipanda kwa miguu na kila mmoja alimtukana yeye. Fundi hakutoka shimoni mpaka jioni. Kitabu cha wageni hakikuhitajika: wapagazi, wafagiaji na bosi mmoja mwenye goti bovu wote walimwona.

Kilichobaki ni zile sauti mbili. Mpelelezi hakupenda kuacha uzi unaning'inia. Fundi akiwa bado mezani, alimpigia binti wa mwalimu simu kwa spika, akajitambulisha, akampa pole. Akamwuliza kama baba yake alikuwa na desturi ya kuzungumza peke yake.

Binti alisema hapana, si peke yake. Alipokuwa mdogo, baada ya mama yake kufa, baba yake alikuwa akimfanyia michezo ya nahau jikoni. Aligombana na nafsi yake kwa Kiingereza, sauti nene ya mwenye nyumba na sauti nyembamba ya mpangaji, mpaka mtoto acheke. Ila hiyo ni zamani, alisema. Siku hizi hakuwa na haja, maana darasa limejaa. Kila akipiga simu alimwambia viti havitoshi.

Mpelelezi aliitazama simu mezani. Halafu akamtazama fundi.

Aliisogeza simu upande wake, inchi chache tu, akaondoa mkono.

Fundi aliiangalia kama mtu anayeangalia mlango wa shimo la lifti uliofunguka bila chumba chake. Kisha akainama.

"Dada," alisema. "Ni mimi. Jumatano sikwenda."

Akaendelea, sauti ikimshuka, kwamba wala Jumatano ya kabla, wala ile ya kabla yake. Kwamba zile salamu alizokuwa akimpelekea zilikuwa za kutunga. Kwamba hakuna mtu aliyekuwa anakwenda.

Walisikia binti akivuta pumzi, mbali sana.

"Naye alikuwa ananidanganya," alisema. "Wewe unaniambia mzima, yeye ananiambia wamejaa." Kisha akauliza, "Ungekuwepo, asingeanguka?"

"Maharage ningeokota," fundi alisema.

*

Jalada halikwenda kwa mwendesha mashtaka; mpelelezi aliandika ndani yake kwamba mzee, akilifundisha koti lake mwenyewe kwa sauti mbili, aliteleza kwenye maharage. Mkuu wa kituo alilifungua kamba mwenyewe, akanung'unika kwamba kifo cha mtu mmoja kisicho na mkosaji kinamaliza karatasi nyingi kuliko chenye mkosaji, akatia sahihi. Mke wa fundi aliinuka kwenye benchi. Hakumkumbatia mumewe. Alimkabidhi mtoto, kisha akakaa tena chini, kama aliyetua mzigo wa safari ndefu.

Fundi aliomba jambo moja, na mpelelezi hakuona sababu ya kisheria ya kumkatalia, maana chumba kilikuwa kimekwisha kukaguliwa. Alimfungulia mlango wa darasa, akabaki kizingitini, mahali pake pa asubuhi. Jua la alasiri lilikuwa limefika mpaka kwenye safu ya mbele. Koti bado lilikuwa limekaa wima.

Fundi alivua buti, akapiga magoti. Aliisimamisha ndoo, akaanza kuokota moja moja, midomo ikichezacheza, na kila haragwe lilipotua kwenye bati lililia. Chini, cherehani ilisimama. Haikuanza tena.

Aliokota mpaka chini ya meza, mpaka kwenye pembe ambako hakuna ambaye angeona. Alipomaliza alikwenda ubaoni, akachukua chaki. Upande wa kulia, mbele ya picha ya bakuli linalomwagika, aliandika kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika: *Usimwage mtama penye kuku wengi.*

Kisha akarudi nyuma hatua moja, chaki mkononi, uso umeelekea meza ya mwalimu, akasimama hapo akingoja kusahihishwa.